Zoezi la Mama

Mama yetu alikuwa na mchezo wake, ila yeye aliuita zoezi. Tukirudi kutoka shule tulikuta viatu vyake vimepangwa mlangoni, gauni limetandazwa kitini, kitambaa cha kichwa juu yake, na mwenyewe hayupo. Maana yake tuliijua: Yesu amerudi, walio safi wamenyakuliwa wakaacha nguo zao, na sisi wawili tumebaki na dhambi zetu za kudokoa sukari. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alilia mpaka akajikojolea. Tulipokwisha kutubu vya kutosha, Mama alitokea nyuma ya pazia.

"Leo ni zoezi tu. Siku akija mwenyewe je?"

Mimi niliota sugu, nikawa nachungulia pazia kwanza. Kitinda hakuzoea. Alikua, akawa msusi mwenye sifa mtaa mzima, lakini akisikia tarumbeta ya harusi mikono humganda kichwani mwa mteja. Mtumishi wa kanisa lao alimsifu kwamba binti huyu anaishi akiwa tayari. Tayari! Mtu halali usingizi wake, wewe unamwita tayari.

Siku moja umeme ulikatika nikiwa nashona kola za sare, nikafunika cherehani nikarudi nyumbani mapema. Viatu vya Mama vilikuwa mlangoni. Kitinda nilimkuta sebuleni, amepiga magoti, uso kauzamisha kwenye gauni la Mama kitini, anasali kwa sauti ya kung'oa bati.

"Mama yuko wapi?"

"Ametwaliwa, Dada. Tumeachwa."

"Nani kakwambia?"

"Si nguo hizo! Nimerudi tangu nilipomaliza kichwa cha asubuhi. Nimemwita mara moja, kimya. Nikaanza kutubu."

"Bafuni umetazama?"

Alinikodolea macho. Aliyenyakuliwa hatafutwi bafuni.

Bafu letu liko uani, limegawana ukuta na sebule. Nilikwenda mbio. Mama alikuwa sakafuni na taulo lake, kopo limepinduka, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Macho yalikuwa wazi na yalinitambua. Pale chini sala ya sebuleni ilikuwa ikisikika neno kwa neno, na kama Mama alijaribu kuita, nani angemsikia kwa kelele zile?

Kitinda alinifuata mpaka mlangoni. Alipomwona aliinua mikono juu, akaruka, akacheka kama mtoto.

"Yupo! Dada, Mama yupo! Hajaja! Asante Yesu, hajaja!"

Nilimzaba kofi. Kisha tukambeba Mama pamoja.

Daktari alisema tumechelewa. Mama hakutamka neno tena, na wiki hiyohiyo alifariki. Makaburini Mtumishi alinguruma juu ya parapanda na hukumu, akasema marehemu alikuwa tayari, watu wakaitikia amina. Nilitaka kumuuliza, tayari kwa lipi, kwa sakafu ya bafu? Nina hasira naye, na Mama nina hasira naye zaidi, lakini maiti hagombwi.

Watu walipotawanyika Kitinda alinishika mkono.

"Dada, niambie kweli. Pale nilipokuwa nashukuru, Mama alisikia?"

Nilimwona tena Mama, macho yake yalivyohama kutoka kwangu yakaenda kwa mwanawe anayeruka mlangoni, na chozi lililoshuka upande ule wa uso uliokuwa bado na uhai.

"Hakusikia. Alikuwa amezimia."

Alishusha pumzi, akaniegemea begani. Adhabu ya waongo naijua, nimelelewa nayo. Lakini nikisimamishwa mbele ya kile kiti cha hukumu nikaulizwa, nitajibu vilevile, hata Mama akiwa amesimama pembeni ananisikiliza.