Diski Kubwa, Kadi Ndogo

Fundi wa kompyuta alitandika gazeti juu ya kaunta, akapanga vifaa vyote juu yake, kisha akawatazama watu wawili waliokaa kwenye benchi la wateja.

"Na hao, mko pamoja?"

"Tuko pamoja," akasema Mkasi. "Niliwafuta harusini."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akawageuzia feni, maana joto lilikuwa kali.

Mkasi alikuwa mhariri wa video za harusi. Jina hilo alipewa na wateja kwa uhodari wake wa kukata: ukimwambia fulani simtaki aonekane, haonekani. Ila anayefutwa kwenye video haendelei kukaa kwake. Anakuja kukaa kwa aliyemfuta. Ndivyo kazi hiyo ilivyo. Shangazi wa watu, aliyefutwa kwa kosa la kusinzia wakati wa hotuba, alifika asubuhi na mkoba kwapani, akauliza choo kiko wapi. Jamaa aliyewahi kumchumbia bibi harusi alikuja viatu vinang'aa, hata salamu hakumaliza, akajilaza kwenye kochi. Kuwarudisha si kazi: unachukua video mbichi, unamrejesha mtu mahali pake, naye anajikuta kwake. Lakini kompyuta ya zamani ilikuwa na diski finyu, na Mkasi kila alipomaliza kazi alifuta video mbichi apate nafasi ya kazi nyingine. Basi wakabaki kwake, na chumba chenyewe ndicho hicho kimoja.

Sasa kompyuta ile imekufa, na kaka yake kajitolea kumnunulia nyingine ya kuunganishwa, kila kifaa achague mwenyewe. Ungedhani ni raha. Loh! Kichwa kilikuwa kinamgonga tangu alipoamka.

"Prosesa hii haina mchezo," fundi akasema. "RAM chukua hizi, zitakutosha. Shida iko hapa." Akaweka mkono mmoja juu ya kadi ya picha, nene kama tofali, na mwingine juu ya diski. "Kaka yako kanipigia. Anasema atatoa kimoja tu: ama kadi kubwa na diski ndogo, ama diski kubwa na kadi ndogo. Kadi kubwa inamfuta mtu asibaki hata kivuli. Diski kubwa inakutunzia kila kitu, hutafuta video mbichi tena."

"Na kadi ndogo?"

"Inafuta. Ila haifuti yote."

"Chukua yenye taa za rangi," jamaa akasema kutoka benchini.

"Taa za nini?" Shangazi akamkata. "Chukua yenye feni isiyonguruma. Wengine tunalala mle."

Mkasi akawa hajui ashike lipi aache lipi. Akaishika kadi, akairudisha, akaishika diski, akairudisha. Simu ikaita. Kaka.

"Umechukua kadi kubwa?"

"Bado nachagua."

"Unachagua nini sasa? Wakubwa wa upande wa mke wangu wanakuja Jumapili, wale ambao hawakufika harusini. Wataitazama video yote. Mama nisimwone hata kidole."

Mama yao siku ya harusi ya kaka alibanwa na viatu. Muziki ulipokolea akavivua, akavitia kwapani, akamshika mwanawe mkono, akacheza naye peku katikati ya ukumbi. Watu walicheka kwa furaha. Kaka alisikia kicheko tu, furaha hakuisikia.

Mkasi hakuweza kumkatalia kaka. Ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, na neno lake nyumbani halirudishwi nyuma. Lakini moyo ulimuuma, na katika kuumwa huko akapata la kufanya: atamfuta Mama Jumamosi, Mama atalala kwake, na Jumatatu, wageni wakishaondoka, atamrudisha. Ili amrudishe lazima video mbichi iwepo.

"Nipe diski kubwa," akasema.

"Na kaka yako je?"

"Huyo niachie mimi."

Jumamosi akajikaza, akamfuta Mama. Hata hajainuka kitini, mlango ukagongwa. Mama alikuwa peku, viatu kwapani.

"Nilikuwa nakunja nguo, mara nikajikuta mlangoni kwako. Kwani umeniita?"

"Hapana, Mama. Nimekufuta kwenye harusi ya kaka."

"Kwani nilikosa nini?"

Mkasi akamweleza. Mama akavitazama viatu vyake, akavigeuza, akavitazama tena.

"Vilikuwa vinanibana," akasema.

"Jumatatu nakurudisha, Mama. Video mbichi ninayo."

Shangazi akasogea kumpa nafasi, Mama akakaa. Jumapili walishinda wakimenya viazi, na jamaa wa kochini akaosha vyombo bila kuambiwa.

Jumatatu Mkasi akawasha kompyuta. Feni haikusikika kabisa. Akaifungua video mbichi, akamwambia Mama asimame, ajiweke tayari. Mama hakusimama.

"Mwenyewe kasema nirudi?"

"Hajasema. Lakini video ninayo, Mama, ni kubonyeza tu."

"Video sijaiulizia. Namuulizia mwanangu."

Mkasi akaitazama simu.

"Basi acha kwanza," Mama akasema. "Nitaingiaje kwenye harusi ya mtu bila kualikwa?"

Mkasi akabaki na mausi mkononi, haelewi abonyeze nini. Diski ilikuwa na nafasi tele. Alikuwa amepasua kichwa kuichagua, na sasa akatamani kumpigia fundi amuulize amekosea kifaa gani. Kabla hajapiga, kaka akapiga yeye. Mkasi akaweka sauti kubwa, wote wasikie.

"Wageni wamefurahi sana, hata wamelala hapa," kaka akasema. "Ila kuna kitu. Pale kwenye muziki mkono wangu uko hewani, umefumbwa, haujashika chochote. Mjomba wa mke wangu kaniuliza nilikuwa nacheza na nani. Wewe ulichukua kadi gani?"

"Ndogo."

"Nilijua tu! Haya, wanataka kuiona tena leo kabla hawajaondoka. Niwekee ua pale mkononi."

"Kaka, Mama yuko hapa kwangu."

"Najua. Msalimie. Liwe jekundu, lionekane."

Akakata.

Mkasi akageuka. Machozi yalikuwa yanamlenga, na hasira pia, hajui atangulize lipi. Mama alikuwa amekwisha kuvuta kiti karibu na skrini. Aliutazama mkono wa mwanawe uliobaki hewani, vidole vimekunjwa.

"Mwekee," akasema. "Asionekane mikono mitupu mbele za watu."

Mkasi akatafuta ua jekundu, akaliweka.

"Juu kidogo," Mama akasema. "Mkono wangu ulikuwa hapo."