Mafurushi ya Jumatatu

Kiungulia cha Mama Pasi kilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Kingekuwa mtoto, kingekuwa kinasoma darasa la tano. Akiinama kuchukua shuka, uchungu unapanda mpaka kooni. Akicheka sana, unapanda. Akilala ndiyo usiseme. Miaka miwili sasa alikuwa analala ameketi, mito minne mgongoni, huku mume wake amejinyoosha pembeni anakoroma kwa raha zake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko uchungu wenyewe. Alitaka kulala chali karibu na mumewe kama mke wa mtu. Hakuomba kingine.

Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya hospitali kubwa. Mashine ya pasi ilikuwa yake, na ndiyo iliyompa jina. Mashine za kufulia zilikuwa za Babu Sabuni, mzee aliyeanza kazi pale wakati nguo zote zinafuliwa kwa mkono, na ambaye hakuacha kuwakumbusha watu jambo hilo.

Siku moja daktari wa tumbo alimpitishia Mama Pasi mpira wenye kamera kooni, akatazama, akamwambia dawa zimefika mwisho wake. Pale umio, njia ya chakula, unapoingia tumboni pamelegea, hapafungi tena. Inabidi mpasuaji achukue sehemu ya juu ya tumbo aizungushie pale, pabane.

"Hapa wanaoifanya kazi hiyo ni watatu," alisema huku anaandika. "Chagua mmoja, nikupe barua."

"Nichague mimi?"

"Mwili ni wako, mama."

Mama Pasi alitoka pale kichwa kinamzunguka. Maisha yake yote hakuwahi kuchagua hata rangi ya sare yake ya kazi, leo achague wa kumfungua tumbo.

Nyumbani walimvuruga zaidi. Mume wake alisema achague yule mzee, maana mzee ana uzoefu.

"Kwani unawajua?"

"Siwajui."

"Sasa nani kakwambia kati yao kuna mzee?"

Mume wake akajifanya ana kazi uani. Binti yao akaingia kwenye simu, akarudi na sifa nyingi za mpasuaji mmoja hodari sana, ila anaishi nchi nyingine. Dada yake mkubwa alipiga simu kumkataza kabisa asiguswe kisu. Alikuwa anamjua mtu aliyefanyiwa na tangu siku ile hawezi hata kucheua. Mama Pasi alishika tama. Hakujua ashike lipi aache lipi.

Ni Babu Sabuni aliyemfungua macho, au aliyemfunga, maana mpaka leo wenyewe wanabishana. "Unahangaika nini?" alimwambia. "Wapasuaji tunao hapa hapa."

Kweli walikuwa nao. Nguo za vyumba vya upasuaji ziliteremshwa kwa toroli ndani ya mafurushi, kila furushi na kikaratasi chake cha siku. Majina ya madaktari hayakuandikwa, kwa hiyo watu wa chini waliwaita wale watatu kwa siku zao: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Hawakuwahi kuwaona sura, lakini waliwajua. Ijumaa aliacha vidonge vya kutafuna vya kiungulia kwenye mfuko wa shati kila wiki, na Mama Pasi alishindwa kuamua kama mpasuaji mwenye ugonjwa wake mwenyewe ni dalili nzuri au mbaya. Mwishowe alimwondoa kwenye hesabu. Jumatatu alikuwa balaa. Mafurushi yake yalikuja yamelowa damu, na kila wiki Babu Sabuni aliyafungua akinung'unika kama anayetukanwa. Lakini Jumatano, magauni yake yalishuka safi, mengine ungedhani hayajavaliwa.

"Mchinjaji na fundi," alisema Babu Sabuni. "Unataka nikusomee zaidi?"

Mama Pasi akakata shauri. Alipata barua ya kwenda kwa Jumatano, na Jumatano akawa mwanamume mtanashati, mwenye sauti laini, aliyempokea kama shemeji yake. Alisoma karatasi za kamera kwa dakika moja hivi.

"Kazi ndogo sana hii, mama. Siku mbili uko nyumbani."

Akapangiwa tarehe, wiki tatu mbele. Mama Pasi alirudi chini anaimba, akainamia kapu la shuka, uchungu ukapanda, na kwa mara ya kwanza akaucheka.

Furaha yake ilidumu siku nne. Siku ya tano nesi wa chumba cha upasuaji alishuka kulalamika juu ya magauni yaliyokatika kamba. Mama Pasi, kwa furaha tu, akamweleza kwamba na yeye atapanda huko juu, na jinsi alivyochagua. Nesi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akaacha kucheka.

"Mama, huyo wa Jumatano anachukua wagonjwa wepesi. Vijana, wembamba, wasio na matatizo mengine. Wazito anawaandikia barua waende kwa wa Jumatatu. Na mtu akishafanyiwa kwingine, mambo yakaharibika, anapelekwa huko huko kwa wa Jumatatu."

"Sasa ile damu yote..."

"Ile damu ni ya kazi ambazo wenzake wamezikimbia."

Babu Sabuni alianza kukagua mashine ambayo haikuwa na tatizo lolote.

"Na mimi sista, ni mwepesi au mzito?"

"Hilo sijui. Alikuuliza unafanya kazi gani?"

Hakumuuliza. Mama Pasi alijaribu kukumbuka kama yule daktari alimuuliza chochote, akaona hapana, ila kutomuuliza kwenyewe kulikuwa kwa upole sana.

Wiki ile alikuwa kama mtu aliyegeuzwa chini juu. Kila alichokuwa amekisoma alikuwa amekisoma kinyume, au labda sasa ndiyo alikuwa anakosea. Jumatatu iliyofuata alilifungua furushi mwenyewe. Safari hii alijikaza kisabuni, akaiacha damu, akatazama kwingine. Mgongoni na chini ya makwapa, kila shati lilikuwa na alama nyeupe za chumvi, mduara juu ya mduara. Jasho limetoka likakauka, likatoka tena. Miaka yote hakuwahi kuliona, kwa sababu jasho hutoka kwenye maji ya kwanza na hakuna mfuaji anayelilalamikia. Furushi la Jumatano liliposhuka, mashati yake yalikuwa makavu.

"Unaona?" alimwambia Babu Sabuni.

"Naona. Lakini labda huyo wa Jumatatu ni mnene tu."

Akili ya Mama Pasi ikavurugika tena.

Aliomba barua ya pili, akaenda kwa Jumatatu. Alimkuta mwanamke mdogo, mkavu, mwenye miwani, ambaye hakutabasamu wala hakuinua macho kwenye karatasi kwa muda mrefu. Unene hakuwa nao.

"Unafanya kazi gani?"

"Kufua na kupiga pasi, daktari. Hapa hapa chini."

"Unabeba shuka kavu au mbichi?"

Mama Pasi alimtazama. Mume wake, binti yake, dada yake, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hilo. Shuka mbichi ni jiwe. "Mbichi," alisema. "Kutwa nzima."

"Basi utaacha kubeba miezi mitatu, la sivyo nyuzi zitakatika nami nitakufungua tena. Nitaandika barua kwa mkubwa wako." Kisha akataka kipimo kimoja ambacho mwenzake hakukitaja, cha kuona umio unasukuma chakula kwa nguvu gani. Majibu yaliporudi alisema umio wake ni mvivu. Wakimzungushia tumbo duara zima, chakula kitakwama. Atamzungushia nusu tu.

"Nitapona?"

"Nadhani utapona. Naweza pia kukosea."

Mama Pasi alisimama kwenye ujia, barua mbili mkononi, na hasira zikampanda pamoja na uchungu. Mmoja kasema kazi ndogo. Mwingine kasema anaweza kukosea. Mtu mwenye hofu unampa lipi kati ya hayo mawili? Alitaka sana kuamini kwamba ni kazi ndogo. Lakini kila alipotaka kugeukia kule, lilimrudia lile swali la shuka kavu au mbichi. Alikwenda akaifuta tarehe ya Jumatano, na hata alipokuwa anaweka saini hakuwa na uhakika wowote.

Alifanyiwa upasuaji Jumatatu asubuhi. Jumanne Babu Sabuni alipanda wodini, mara yake ya kwanza kuvuka ghorofa ya chini kwa miaka mingi, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Furushi langu uliliona?" Mama Pasi alimuuliza kwa sauti ya kukwaruza.

"Nililifungua mwenyewe. Sikumwachia mtu."

"Damu?"

"Kidogo tu. Kama mtu kajikata na wembe."

"Na mgongoni?"

Babu Sabuni alitazama viganja vyake. "Shati la daktari limelowa chapa, binti. Ungelikamua, maji yangetoka. Hilo nimelifua kwa mkono."

Kabla hajaondoka, Mama Pasi alimwomba amtolee mto mmoja. Halafu wa pili. Halafu wa tatu. Alijinyoosha, akasubiri uchungu upande kama kawaida yake. Alisubiri, akasubiri, mpaka usingizi ukamchukua.

Saa ya kutazama wagonjwa mume wake aliingia na chupa ya chai, akamkuta mkewe amelala chali, amenyooka, kimya. Miaka miwili hakuwa amemwona hivyo. Chupa ikamponyoka, naye akatoka mbio kwenye ujia akiita nesi, machozi yanamtoka.

Nesi alikuja, akamwinamia mgonjwa, akamgeukia.

"Amelala tu, baba."

"Chali hivyo?" aliuliza. Na alipojibiwa ndiyo, akauliza tena.