Kapteni Aliyetutembeza

Mwaka wa pili wa vita vya Kaskazini na Kusini nilikuwa Missouri, Marekani, nikipigilia farasi vyuma vya kwato katika kikosi cha wakulima wa Iowa. Kapteni wetu alikuwa Mhungari, Balint Szekeres. Kwao walimwasi mfalme wakashindwa, naye akahukumiwa kunyongwa, kurudi hakuna. Duniani alibakiwa na farasi wake na cheo kile, na cheo chenyewe kilikuwa mikononi mwetu, maana sisi wa kujitolea tuliwachagua maofisa wetu kwa kura. Kura ilikuwa Jumamosi.

Na watu walimchoka. Katika kila saa ya safari alitushusha robo saa, tutembee tukiwavuta farasi. Jioni farasi anakula kwanza.

"Nimejiandikisha kupanda farasi," alipayuka Hiram Pell, "kumbe nimekuja kumsindikiza! Kapteni, nimbebe kabisa?"

"Bado, Bwana Pell. Akichoka nitakwambia."

Luteni Tuttle, muuza duka, aliahidi kwamba akichaguliwa yeye, hatashuka mtu mpaka safari iishe. Wengi tulikuwa upande wake, hata mimi.

Alhamisi tukaamriwa kuwahi daraja kabla ya adui, maili sitini. Kikosi jirani kilitupita mbio, wakitupigia miluzi.

"Haya, wachunga mbuzi! Tutawaachia mifupa ya kuku!"

Tukatembea, tukapanda, tukatembea. Ijumaa asubuhi tukawakuta njiani, wamejitwika matandiko mabegani, farasi wao wamelala mtaroni, wengine hawatainuka tena. Hakuna aliyecheka. Hiram akashuka kabla ya kuamriwa.

Darajani tukafika sisi peke yetu.

Jumamosi tukapitisha kofia: punje ya hindi kwa Kapteni, harage kwa Tuttle. Kapteni mwenyewe alikuwa mtoni akimsugua farasi wake mgongo. Nilimwona kwa mbali. Mkono ulikuwa unarudia palepale, palepale.

Mahindi arobaini na moja, maharage kumi na tisa. Hiram akamrukia farasi wake mgongoni, akateremka mtoni mbio, nami nyuma kwa miguu.

"Kapteni! Umebaki! Na mimi nimekutilia hindi, haki ya Mungu!"

Kapteni akageukia maji, akanawa uso. Kisha akamtazama farasi wa Hiram, anahema, povu kifuani.

"Asante sana, Bwana Pell," akasema. "Sasa shuka, umtembeze."