Ruhusa ya Mwezi

Kaporali Emerance Nyiransengimana alikuta jina lake limepigwa mstari mwekundu kwenye listi ya mtihani, damu ikampanda. Kutoka kambini hadi ziwa la Lac Vert kwa miguu, radio mgongoni, jumbe kumi za kupokea bila kosa, na watatu wa kwanza tu ndio wangeshika mawasiliano ya bataliani. Miezi sita amejitayarisha, vita vikinguruma upande wa Sake, halafu mstari!

Adjudant Adalbert, msimamizi wa mtihani, muzee ambaye tumbo lake lilifika mahali kabla ya cheo chake, akamwonyesha karatasi ya muuguzi.

"Mama, soma mwenyewe. 'Ruhusa ya mwezi.' Mutu mwenye kulala siku makumi tatu anatafuta nini hapa?"

Emerance akasoma. Juzi tumbo lilimbana, muuguzi akampa vidonge na asubuhi moja ya kupumzika. Kicheko kikamponyoka.

"Papa adjudant, hii haiko mwezi ya kalenda. Iko ile ya wanamuke."

Kikosi kizima kikaangua kicheko. Adalbert akautazama mlima wa moto uliosimama nyuma ya kambi kama vile ndio ulioandika karatasi.

"Sasa… hiyo inaisha siku gani?"

"Kesho. Lakini radio haijui."

"Miguu je?" akadakia Aubin, kijana mrefu aliyekwisha kujihesabu kati ya wale watatu. "Utaanguka, tukubebe pamoja na radio."

"Weye juzijuzi ulilala wiki nzima kwa kidole kimoja kilichochubuliwa na buti! Mimi hii naijua tangu shuleni, na sijakosa zamu hata moja."

Adalbert akaandika jina lake upya.

Barabarani walipishana na wakimbizi wenye magodoro kichwani. Tumbo lilipoanza kumng'ata, Emerance akachomoa kitenge, akakikaza kiunoni juu ya mikanda ya radio, kama anayebeba mutoto. Tumbo likapata joto, mzigo ukakalia nyonga, mabega yakapumua. Ujumbe wa saba ulipoingia, Aubin alikuwa akihangaika na mikanda yake, akasikia nusu. Emerance aliusikia wote.

Alifika wa pili, jumbe kumi kwa kumi. Aubin akafika wa nne, akichechemea.

"Papa adjudant," Emerance akasema, akifungua kitenge taratibu, "huyu mumupatie ruhusa ya mwezi."

Adalbert, safari hii, akauliza kwanza: "Ya kalenda?"

"Yoyote atakayoweza kuvumilia."