Karani Anarudi kwa Miguu Yake

Watu wa kwao walimwita Karani, ingawa hakuwahi kukalia kiti cha ofisi hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kufua. Alifua katika hospitali kubwa, chini kabisa ya jengo, kwenye ukumbi usio na dirisha, akipokea mashuka kutoka wodi zote, akitenga yenye damu na yasiyo na damu, kisha akiyasukumia kwenye mashine zenye tumbo pana kuliko bafu la nyumbani kwake. Ndani ya mashuka hayo alishaokota meno ya bandia, pete, miwani, na siku moja barua ambayo mwenyewe hakuwahi kuifungua. Miaka ishirini na tisa alikuwa humo.

Jina la Karani alilipata kwa sababu ya maiti. Mtu wa kwao akifariki katika nchi ile, simu ya kwanza ilipigwa kwake. Alijua cheti cha kifo kinatolewa dirisha gani, na kwamba ukienda Ijumaa baada ya saa sita dada wa dirishani atakwambia mtandao umekata. Alijua ubalozini wanataka nakala ngapi za pasi. Alijua jeneza la safari huwekwa bati kwa ndani na kuzibwa lisipitishe hewa, na kwamba kule uwanja wa ndege marehemu hapitii mlango wa abiria. Anapelekwa ghalani, anawekwa kwenye mzani, na aliyemleta anasaini karatasi iliyoandikwa "mzigo".

Karani alishasaini karatasi hiyo mara thelathini na moja. Na kila mara alibaki pale ghalani, mikono nyuma, mpaka aone jeneza limevuka yale mapazia ya plastiki. Hapo ndipo alipogeuka na kwenda zake. Mkewe alizoea kumtania: "Hao unaowasindikiza hawana haraka, lakini wewe chai yako inapoa kila siku."

Rafiki yake mkubwa alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu mrefu mwenye kucha ambazo hazikutakata hata sikukuu. Huyu walimwita Mwakani. Ukimwuliza anarudi nyumbani lini, anajibu "mwakani", bila kupepesa macho. Aliwajibu hivyo miaka kumi na minne. Alikuwa amejenga kwao, nyumba ya vyumba vinne, na kwenye simu yake alikuwa na picha za nyumba hiyo tangu msingi mpaka bati. Hakuoa. Alisema ataoa akirudi, mwanamke asije akamzoea akiwa mnyonge.

Jumatano moja, saa nane mchana, simu ya Karani iliita akiwa katikati ya mashuka. Mtu wa kampuni ya mabasi alimwuliza kama anamfahamu mwanamume fulani, akalitaja jina la Mwakani kwa shida, akilikatakata. Namba ya Karani ilikuwa kwenye pochi yake.

Alipofika kituoni, mwili ulikuwa umeshaondolewa. Alipewa mfuko wenye pochi, simu na kofia. Dereva wa basi alikuwa bado yupo, ameketi kwenye benchi, anazungusha kikombe kitupu mkononi.

"Nilidhani amelala," dereva alisema. "Wengi wanalala kwenye basi. Alipanda saa moja asubuhi."

"Saa moja," Karani alisema. "Na mmemgundua saa ngapi?"

Dereva alikitazama kikombe chake. "Saa saba na nusu. Nilizunguka naye mara tatu. Basi lilijaa, watu walikaa karibu yake. Kuna mama mmoja alihama kiti. Labda alifikiri ni mlevi."

 Karani alichukua mfuko, akashukuru, kwa sababu alikuwa amezoea kushukuru, akatoka nje. Hapo kando ya barabara alijishikiza kwenye nguzo ya taa. Watu walimpita. Wawili watatu walimtazama, wakaharakisha hatua.

Makaratasi ya Mwakani aliyashughulikia kama mtu anayeshona jeraha lake mwenyewe. Alikwenda dirishani, ubalozini, kwa mwenye duka la majeneza. Alimpigia dada yake Mwakani, na yule dada, baada ya kulia mpaka sauti ikapotea, aliuliza swali moja: "Kaka, alikufa amekaa na nani?"

"Alikuwa kwenye basi," Karani alimjibu. "Kulikuwa na watu." Aliona huo si uongo.

Ndege ilipangwa Jumanne asubuhi. Karani alikwenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa. Msimamizi alikuwa mwanamume wa makamo, si mtu mbaya. Shida yake ilikuwa moja, kwamba alimwita Karani kwa jina la mfuaji mwingine mweusi aliyeacha kazi miaka sita iliyopita. Mwanzoni Karani alimsahihisha. Baadaye alichoka, akawa anaitika.

"Nani amekufa?" msimamizi aliuliza.

"Ndugu yangu."

"Wa baba mmoja na mama mmoja?"

 "Hapana. Lakini hapa hana mwingine."

Msimamizi alifungua kijitabu, akapitisha kidole. "Mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye. Hao ndio wanaoruhusiwa. Na Jumanne watu wawili wako likizo, nikikuachia wewe wodi zitakosa mashuka. Nisamehe."

Ni kweli, Karani angeweza kutoroka. Wengine wangemwambia jifanye mgonjwa. Lakini mtu aliyeishi kwa makaratasi anayaogopa makaratasi, na kibali cha mkewe cha kukaa kilikuwa kinangoja kusainiwa upya, na ofisi ya vibali ilitaka barua safi kutoka kazini kwa mumewe. Alipiga moyo konde, akamwachia mwenye duka la majeneza kila kitu kwenye bahasha, akamweleza mara mbili.

Jumanne saa nne, wakati wa ndege kuruka, alisimama mbele ya mashine namba tatu akiangalia mashuka yakijipindua kwenye povu. Alijaribu kumsindikiza Mwakani kwa mawazo. Haikuwezekana, kelele ilikuwa nyingi.

Alhamisi dada yake Mwakani alipiga simu. Hakusalimu.

"Kaka, ndugu yangu yuko wapi?"

"Hajafika?"

"Tumekaa uwanja wa ndege tangu jana. Tuna lori, tuna wazee, kaburi limechimbwa liko wazi. Wanasema hayumo. Nakuuliza, kaka, umemweka wapi?"

 Karani alipanda ngazi mbio na nguo zake za kazi, hakumuaga mtu, akaenda mpaka ghala la mizigo. Mwakani alikuwepo. Alikuwa kwenye rafu ya chini, kati ya kreti za vipuri na maboksi ya dawa za kilimo, siku ya tatu hiyo. Muhuri mmoja wa afya ulikuwa umekosekana, dereva wa duka la majeneza hakuujua, aliacha jeneza akaondoka. Hakuna aliyepiga simu kwa sababu kwenye karatasi, mahali pa namba ya mhusika, palikuwa wazi.

Muhuri ule uligongwa kwa dakika kumi na tano. Karani alibaki pale mpaka saa kumi jioni, akingoja ndege nyingine. Aliegemea rafu, akaongea na rafiki yake kwa sauti ya chini, akamwomba msamaha, akamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mkewe. Mfanyakazi wa ghala alipita na kigari, akasikia, akageuza njia.

Kazini hawakumfukuza. Walimpa barua ya onyo. Barua safi aliyoitafuta kwa kumwacha Mwakani peke yake, nayo ikawa imepotea.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, alimkuta mkewe sebuleni anajichua magoti kwa dawa. Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo, na sakafu ya saruji ilikuwa imemmaliza magoti. Binti yao, ambaye alizaliwa pale na sasa alikuwa na watoto wawili, alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Mama watoto," Karani alisema, "nataka kurudi nyumbani."

"Kuzika?"

"Kukaa."

Mkewe aliendelea kuchua goti la kulia, akamaliza, akaingia la kushoto. "Unarudi kwa nani? Mama yako hayupo. Baba hayupo. Shamba wamegawana. Huyo mdogo wako anakujua kwa sauti ya simu."

"Najua."

"Kazi utafanya gani?"

"Sijui."

"Na mimi?"

Hapo ndipo Karani alipokaa. "Nilikuwa natumaini tutakwenda wote."

"Daktari wa magoti yangu yuko hapa. Wajukuu wako hapa. Kibali nimekipata kwa barua ya shuleni kwangu. Mimi hapa sipapendi, mume wangu, usifikiri napapenda. Nimepazoea tu. Na kule nimepasahau. Sasa nifanyeje, nigawe mwili?"

Binti yao alitokeza mlangoni, mikono ina povu. Alikuwa amesikia. Aliongea ile lugha ya wazazi wake aliyoijua kwa nusu, akiokota maneno mojamoja. "Baba, huko hutaweza. Umezeeka na mambo ya huku. Foleni ikikatwa unakasirika."

Karani alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akasema, "Mwanangu, nimepeleka watu thelathini na wawili. Wote walisema watarudi. Nami nimekuwa nasema. Sitaki kupimwa kwenye mzani. Nataka kukaa kwenye kiti, nifunge mkanda, niletewe maji, nishuke kwa miguu yangu. Hata kama nikifika nitakuta hakuna kitu."

"Hiyo si sababu," binti alisema.

"Pengine si sababu. Lakini ndiyo niliyo nayo."

Mkewe alifunga kifuniko cha dawa. Hakulia mbele yao. Alisema tu kwamba mwanamume akishakata shauri la namna hiyo hazuiliki, na kwamba koti zito amwachie binti, kwa vile kule halina kazi. Kwa muda wa miezi mitatu walilala kitanda kimoja, wakazungumza habari za magoti, umeme na wajukuu, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme neno la kubadilisha mambo. Hakulisema yeyote.

Siku yake ya mwisho kazini, msimamizi alimpa kadi iliyosainiwa na wafuaji wote. Ndani, kwa mwandiko mzuri, palikuwa na jina la yule mfuaji mwingine. Karani alishukuru. Aliitia kadi kwenye mfuko wa nguo chafu, ikaenda pamoja na mashuka.

Alirudi. Mdogo wake alimpokea na kumpa chumba cha uani chenye kitanda kipya. Wiki ya kwanza watu walifurika. Wiki ya pili wakapungua, kwa sababu ilishajulikana kuwa mtu wa ng'ambo amerudi mikono mitupu, na wengine wakanong'ona kuwa amefukuzwa kwa kosa fulani. Shemeji yake, mke wa mdogo wake, alikuwa mpole, lakini akimtengea chakula alimtengea kwenye sahani ya wageni, na sahani hiyo haikubadilika mwaka mzima. Dawa za presha zilipatikana leo zikakosekana kesho. Foleni zilikatwa, naye alikasirika kama binti yake alivyotabiri. Kwenda dukani ni mwendo wa dakika tano, lakini kwa salamu za njiani alitumia saa nzima: umeamkaje, wa kwako hawajambo, na magoti ya mama watoto je. Alikuja kujua kuwa wengine hata hawasikilizi jibu. Bado alilitoa.

Hatimaye alipata kibarua cha kupiga pasi kwenye duka la dobi, asubuhi tu. Mwenye duka, mwanamume aliyemzidi miaka michache tu, alimwita kwa jina lake halisi. Mara ya kwanza Karani hakuitika. Hakujua kuwa ni yeye anayeitwa.

Mwaka wa pili mkewe alikuja kumtembelea, mwezi mmoja. Alikaa uani na mashemeji, akacheka, akaletewa maji ya kunawa, akaitwa majina ya ujana wake. Magoti yalimvimba wiki ya tatu. Siku moja kabla ya kuondoka, walikaa kwenye kizingiti cha chumba, mkewe ameinua miguu juu ya kigoda.

"Unajuta?" mkewe aliuliza.

"Kuna siku."

"Siku gani?"

"Jumapili. Nikikumbuka wale watoto wanavyopanda juu ya kochi na viatu." Alimsogezea mkewe kigoda. "Na wewe, unajuta kubaki?"

"Mimi kila siku. Ila si kutwa nzima. Nikiingia jikoni nasahau."

Karani alitaka kumwambia abaki. Neno lilifika ulimini, akaangalia yale magoti yaliyofura, akalimeza. Mkewe naye alikuwa anamtazama kwa namna ya mtu aliye na ombi. Kisha mdogo wake Karani akaita kuwa chakula tayari, wakanyanyuka, Karani akimshika mkewe mkono.

Kesho yake alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, kwenye mlango wa abiria. Askari alimzuia hapohapo. Asiye na tiketi haingii. Mkewe aliusukuma mkokoteni wa mizigo polepole, anachechemea, na kabla ya kugeuka kona alisimama kana kwamba amesahau kitu. Hakurudi. Karani alisimama nje juani, mikono nyuma, mpaka watu wa nyuma yake wakamwomba apishe njia.