Baba Kabandikwa Ukutani

Dada yangu anasanifu programu za simu, na ugonjwa wake ni kuchora. Kabla ya kutengeneza chochote hubandika ukutani safari nzima ya mteja: kila hatua, anafanya nini, anawaza nini, na chini kabisa kijiuso kinachocheka au kilichonuna. Jumamosi ile alimbandika baba.

Tulikuwa sebuleni kwa baba, ghorofa ya tatu: mimi, dada na kaka yetu mkubwa. Hoja ilikuwa moja. Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Je, baba ahamie kwa dada au abaki kwake? Vikaratasi vya rangi vilianzia dirishani mpaka mlangoni. Kuamka, kununa. Ngazi, kununa. Sokoni, kununa. Kula peke yake, kununa na chozi juu.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," dada alimwambia kaka. "Si unaona mwenyewe?"

Kaka akaafiki. Yeye huafiki chochote kilichochorwa vizuri.

Baba alivaa miwani, akasoma tangu mwanzo.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, baba."

"Masikini! Uliniuliza lini?"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Dada huyu huyu huwafokea wenzake kazini eti wasithubutu kumchora mteja ambaye hawajazungumza naye. Mganga hajigangi.

Baba akaomba kalamu. Kwenye ngazi akachora kicheko, kwa sababu hupumzika ghorofa ya pili kwa fundi saa, wakiwateta majirani. Sokoni, kicheko. Kwenye kula peke yake alisita, halafu akachora mdomo ulionyooka tu.

"Hapo siwadanganyi," akasema. "Hapo ni hivyo hivyo."

"Na ukianguka kwenye hizo ngazi?" Sauti ya dada ilipanda. "Nani ataniambia? Naogopa, baba!"

"Najua. Lakini hofu hiyo ni yako, mwanangu. Usiibandike kwangu."

Kilibaki kikaratasi kimoja, ambacho dada mwenyewe alikuwa amekichorea kicheko: Jioni, simu ya binti. Baba akakichora upya, kikanuna.

"Unauliza kama nimemeza dawa. Nikisema ndiyo, unakata."

Dada alilia waziwazi, na nilimhurumia, maana hupiga kila siku bila kukosa. Kaka akakohoa, akasema basi, baba abaki kwake. Dada hakubisha. Alivuta kiti karibu na baba, akachukua kikaratasi kitupu.

"Sasa jioni nikuulize nini?"

"Niulize nimepika nini."

"Haya." Akafuta machozi kwa kiganja. "Umepika nini leo, baba?"

"Nitapika saa ngapi, na nyinyi mmenikalisha hapa tangu asubuhi mkinipangia maisha?"