Kikombe cha Saba Saba

Zamda alipakua wali na maharage, akafunika bakuli kwa sahani, akalifunga kitambaa na kumtwika binti yake. "Mpelekee baba, usimwage."

Batuli alikuwa na miaka ishirini na mbili, na hesabu yake iliishia tatu. Alishika njia ya zamani ya wapagazi, ile inayotoka mtaani kwao Ng'ambo kuelekea mashariki, akafika Tura, ambako treni hufika baada ya nusu siku. Baba yake, fundi wa reli, akala wali ungali unafuka moshi. Bakuli lilirudi kabla Zamda hajamaliza kuosha sufuria. Ndivyo ilivyokuwa tangu mtoto akiwa na miaka kumi. Njia ile ilimkunjikia, kwa kuwa imezoea watu wanaobeba bila kuulizwa majina.

Ng'ambo nzima ilimtuma, chumvi, barua, hata kuku wa mahari. Walimwita Zezeta, na ahsante walimpa mama yake.

Mwaka sabini na nne kata ikatangaza mbio za Saba Saba. Batuli alitaka jambo moja tu: jina lake litajwe kwenye kipaza sauti, kama walivyotajwa wakimbiaji wa mwaka uliopita. "Na mimi waniite," alisema kutwa kucha. Basi Zamda akachukua barua kwa balozi wa nyumba kumi, akaenda kwa katibu wa michezo, Bwana Lugembe.

Lugembe aliisoma mara mbili, chini ya bango lililosema watu wote ni sawa.

"Mama Batuli, mbio hizi ni za watu wenye akili timamu. Wageni wa Nzega watatucheka."

"Juzi barua yako ya Tura ilipelekwa na nani?"

"Ile kazi, mama. Hii michezo."

Loo, mtu mzima huyo, na kalamu mfukoni! Zamda aliyameza matusi yote, yakamkaa tumboni kama ugali mbichi.

Siku ya Saba Saba, mgeni rasmi ameshakaa na wakimbiaji wameshaanza kuzunguka uwanja, ikaja habari kwamba kikombe kimo kwenye treni iliyoharibika Tura. Kipaza sauti kikakohoa.

"Batuli binti Shaban! Afike meza kuu!"

"Mama, wameniita!"

Lugembe akamnong'oneza. Batuli akakata uwanja, na wakimbiaji wakampisha kama wanavyoipisha baiskeli ya posta. Hawajamaliza mzunguko wa pili, amerudi na kikombe kimefungwa gazeti. Lugembe akakipangusa.

"Haya, kakae kule."

Alishinda kijana wa mtaa wa Cheyo. Mgeni rasmi alimkabidhi kikombe, akasema hajapata kuona mtu mwenye mbio namna ile. Batuli alipiga makofi kuliko wote.

"Wezi wakubwa nyie!" Zamda alipiga kelele, akayatapika yale matusi yote, moja moja. Watu wakamtazama kwa huruma, kisha ngoma ikaanza.

Jumatatu Lugembe alibisha hodi na bahasha mkononi. "Mama Batuli, hii ya Tura, ina haraka."

Zamda akauziba mlango kwa mkono. "Ipeleke mwenyewe. Si una akili timamu?"

Lugembe aliviringa viganja mdomoni, akaita kuelekea uani:

"Batuli binti Shaban!"

Batuli alikuwa ameshapita chini ya mkono wa mama yake.